Meno ya Hilkka Kemppainen

Mwezi wa Januari, Bodi ya kituo cha tiba, iliyoko Tampere, huko kusini, ilitangaza, kwa barua yenye nembo ya jani, kwamba uso wa mtaalamu ndio salamu ya kwanza anayoipokea mgonjwa. Kwamba salamu hiyo sharti iwe na joto. Kwamba uso wenye joto hushusha kizingiti cha kuomba msaada. Na kwamba kuanzia tarehe mosi Machi hautaonekana kwenye tovuti ya kituo uso wowote usioshusha kizingiti. Barua ilitiwa saini na watu watatu.

Hilkka Kemppainen aliisoma akiwa amesimama, kama anavyozisoma barua zote zitokazo kusini. Ana miaka hamsini na minane. Kazi yake ni kuwatibu watu kwa maneno, hasa kwa kuyangoja. Amekuwa na chumba chake cha kupanga kwenye kituo kile cha mji wetu wa Kajaani, huku kaskazini, kwa miaka kumi na tisa, tangu enzi ambazo kituo kilikuwa cha watu wa hapa, kabla watu wa Tampere hawajakinunua na kukipaka rangi ya uji.

Uso wake unajulikana mjini. Pembe za mdomo zinaelekea chini, kidevu ni cha marehemu baba yake Eino, na katikati ya nyusi pana mifereji miwili ambamo mtu angeweza kupanda viazi. Si uso wa hasira, wala wa huzuni. Ni uso usiomdai mtu chochote. Wanaume wa vijijini, ambao nyuso nyingi huwadai kitu tangu asubuhi, humtazama Hilkka na kukaa.

Huku kwetu mtu anayemchekea asiyemfahamu huwa na jambo moja kati ya matatu: amelewa, anauza kitu, au ametoka kusini. Si ukali. Tabasamu kwetu ni kama koti zuri, halivaliwi kwenda kuchanja kuni. Mwanamume akiingia kwa Hilkka akanyamaza dakika ishirini, vitabu vya chuo husema anapinga tiba. Hilkka husema bado anafika.

Na namna ya kumpata Hilkka ni hii. Daktari humwandikia mtu cheti kwamba anahitaji tiba. Kisha mtu huyo, katika hali ile ile iliyompeleka kwa daktari, huachiwa atafute mwenyewe wa kumtibu. Hufungua tovuti, hutazama nyuso, humwandikia mmoja, hungoja, huambiwa nafasi zimejaa, humwandikia mwingine. Wengi huandika barua ishirini. Wanaume wa huku huandika moja.

Bodi ilitoa njia mbili za kuupata uso wenye joto. Ya kwanza ilikuwa kusafiri hadi Tampere, siku moja ya Jumanne, kupigwa picha na mpiga picha wa kampuni, mtu wa taaluma, mwenye taa. Ya pili ilikuwa kutuma picha kumi za kawaida kutoka kwenye simu, na akili mnemba ingezitazama na kuunda picha moja iliyo bora kuliko zote. Njia ya pili ingechukua siku moja tu, na mtu asingehitaji kuwepo.

Jumanne Hilkka huwa na wagonjwa watano. Kuwafuta watano ili yeye akapigwe picha lilikuwa jambo ambalo hakulifikiria hata kwa muda wa kumimina kahawa. Akachagua njia ya pili. Huo ndio uliokuwa mchango wake katika balaa hili, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko alivyoilaumu Bodi, ingawa Bodi nayo haikukosa fungu lake.

Ugumu ulikuwa kupata picha kumi. Watu wa huku hatujipigi picha tukinywa kahawa. Hilkka alipekua simu yake, akapata picha moja akiwa ameshika samaki, na uso wake ukiwa nyuma ya samaki. Nyingine zote zilikuwa za mazishini. Hakuna ajabu hapo. Mazishini ndiko tunakovaa vizuri, ndiko ndugu wote wanakokuwepo, na daima kuna binamu mmoja mwenye simu nzuri anayesema tusimame pamoja kidogo kabla jeneza halijashushwa. Mtu wa umri wa Hilkka ana albamu nzima ya jinsi hiyo. Alichagua tisa, kutoka mazishi manne, akaongeza ya samaki, akatuma.

Picha ilirudi kesho yake asubuhi.

Jaana, karani wa mapokezi, ndiye aliyeiona kwanza kwenye kompyuta. Alimwita Hilkka akamuuliza kama ana dada Uswidi.

Kwenye picha alikuwepo mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyevaa sweta ya rangi ya uji. Mifereji ya nyusi ilikuwa imefukiwa. Kidevu cha Eino kilikuwa kimechongwa kikawa cha mtu asiye na ukoo. Na mwanamke huyo alikuwa akicheka kwa meno ya juu na ya chini, meno sawasawa, meupe kama vigae vya bafuni, meno ambayo Hilkka hajawahi kuwa nayo hata alipokuwa na yake yote. Mashine ilikuwa imeona huzuni kwenye picha tisa kati ya kumi, ikaisahihisha. Ilikuwa imeona nguo nyeusi, ikazisahihisha pia. Na nyuma ya bega la kushoto, mahali ambapo kwenye picha ya mwezi wa Oktoba palikuwa na jeneza la shangazi yake Lempi, palikuwa na mmea wa majani mapana kwenye chungu.

Hilkka alitazama kwa muda mrefu.

"Wamemfanya shangazi Lempi mmea," alisema.

Jaana akaegemea karibu na kioo. "Ndiye huyu?"

"Shada lilikuwa upande huu. Hapa kwenye chungu ni miguuni."

Jaana, ambaye alimjua Lempi tangu alipokuwa akiuza kadi za bahati nasibu sokoni, aliinamisha kichwa kwa heshima, kisha akasema kwamba angalau amepata mahali penye mwanga.

Hilkka aliandika Tampere barua pepe ya maneno manne: *Huyu si mimi. Hapana.* Alijibiwa papo hapo na kitu kilichomshukuru kwa maoni yake na kumjulisha kwamba maoni yote husomwa. Tarehe mosi Machi picha ikapanda kwenye tovuti. Ile ya zamani, iliyokuwa imepigwa mbele ya ukuta miaka kumi na moja iliyopita na mtu wa kurekebisha joto la jengo kwa sababu alikuwa na kamera, ikafutwa.

Haiwezi kusemwa kwamba picha mpya haikufanya kazi. Barua za maombi zilizokuwa zikija nne au tano kwa mwezi zilikuja kumi na moja. Waandishi wake walikuwa watu wa mjini, wenye sentensi ndefu, waliosema kwamba walipomwona walihisi kukumbatiwa. Walikuja. Walifungua mlango, wakauona uso wa Hilkka, na wakawa na sura ya mtu aliyeagiza supu akaletewa bili. Mama mmoja wa Vuokatti alikaa kikao kizima ameshika mkoba magotini, na mwishoni akauliza kwa upole kama Hilkka mwenyewe yuko likizo. Kati ya kumi na mmoja walirudi wawili. Hilkka hakuwalaumu wale tisa. Walikuwa wamevuka kizingiti wakiwa wagonjwa, wakatoka wagonjwa, na juu yake wamedanganywa. Hilo aliliandika kwenye daftari lake, akalipigia mstari mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Alichochelewa kukiona ni wale ambao hawakuja. Mwezi mzima wa Machi hakuandika mwanamume hata mmoja. Hilkka alidhani ni theluji.

Kisha, wiki ya kwanza ya Aprili, simu ikalia pale mapokezi. Jaana alimsimulia Hilkka mazungumzo yote saa ya chakula, neno kwa neno, kwa sababu Jaana ana kumbukumbu ambayo polisi wangeitamani. Aliyepiga alikuwa dereva wa lori la magogo, anayeshuka na shehena kutoka Suomussalmi. Hakutaja jina. Alisema cheti cha daktari anacho, lakini kinakaribia kwisha. Alisema alichukua kipeperushi cha kituo hospitalini tangu vuli, chenye picha ya mama mmoja wa makamo, na kipeperushi hicho kimekaa kwenye gari, juu ya dashibodi, miezi sita. Leo ameamua. Lakini amefungua tovuti na mama yule hayupo.

"Nikamwambia yupo," Jaana alisema. "Nikamwambia tazama jina, Hilkka Kemppainen, wa tatu kutoka juu."

"Akasema?"

"Akasema jina analiona. Huyu aliye chini ya jina anauza kitu."

Hilkka aliweka kijiko chini.

"Nikamwambia ndiye yeye yule, picha tu imebadilishwa. Nikasikia wiper za gari. Kisha akasema, 'Basi kama hata yeye wamembadilisha.' Akasema samahani kwa usumbufu. Akakata."

Namba haikubaki. Mtambo wa simu wa kituo hufuta namba ya mtu ambaye hakuweka miadi, kulinda faragha yake. Jambo pekee la ziada alilolikumbuka Jaana ni kwamba mtu yule alikuwa ameuliza, mwanzoni kabisa, kama Alhamisi inawezekana, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku anayopita mjini.

Wanaofahamu hasira za mkoa wetu wa Kainuu watajua kwamba hazina kelele. Hilkka alimaliza supu yake ya njegere, akaosha bakuli, akalifuta, akaliweka kabatini, akafunga kabati kwa namna iliyoufanya mlango wake usifunguke tena mpaka Juni. Kisha akapanda ghorofani kwa meneja.

Meneja wa tawi, Saana Tervonen, ana miaka thelathini na mitatu na ni mtu mwema, jambo lililofanya mambo yawe magumu zaidi. Alimkaribisha Hilkka kwa mkate mtamu wa iliki. Alisema alikuwa akitaka kumwita mwenyewe, ampongeze: maombi yamepanda zaidi ya mara mbili, wenzake wanamwonea wivu.

"Wangapi wamerudi mara ya pili?" Hilkka aliuliza.

"Hilo picha haipimwi nalo."

"Inapimwa na nini?"

Saana akageuza kompyuta ili naye aone. Kulikuwa na safu ya nyuso na mbele ya kila uso namba. "Joto. Picha yako ya zamani ilipata thelathini na nane. Hii imepata tisini na moja. Tisini na moja, Hilkka, hakuna mwenye tisini na moja hata Helsinki."

"Mwanangu, mimi si jiko."

Saana alicheka kidogo, kisha akaona kwamba hakuna mwingine aliyecheka.

Hilkka alimweleza habari za dereva. Hakupaza sauti. Alisema kwamba yuko mtu barabarani na lori lenye tani sabini, ambaye ilimchukua miezi sita kuinua simu, na kwamba mtu wa namna hiyo hainui simu mara mbili. Alisema mtu huyo alikuwa amechagua uso mmoja katika nchi nzima, na kituo kikauficha, kikaweka mahali pake meno. Alisema kwamba ameona watu wakizikwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na picha za mazishi yao anazo.

Saana alisikitika kweli. Macho yake yalilowa. Alisema kisa kimoja kinauma, lakini ni kisa kimoja, na Bodi hutazama jumla. Alisema mkataba wa chumba una kipengele cha mwonekano wa pamoja. Alisema njia ya Tampere bado iko wazi, mpiga picha atakuwepo tena mwezi Septemba.

"Cheti chake hakifiki Septemba. Sijui kama yeye mwenyewe anafika."

"Nielewe, Hilkka. Sina kitufe cha kurudisha picha ya zamani."

"Hapo nyuma yangu palikuwa na jeneza la shangazi yangu."

Saana akaikuza picha, akaitazama kwa makini ya mtu anayetaka kusaidia.

"Mmea tunaweza kuuondoa," alisema. "Hilo ni kubofya tu."

Hilkka alitoka bila kugusa mkate. Kwetu hiyo ni kauli nzito.

Jioni ile ile alikwenda kwa Ahti Heikkinen. Ahti ana miaka sabini na tisa, na studio yake iko nyuma ya kanisa kwa sababu kazi yake kubwa imekuwa picha za kipaimara: karibu kila mtu mjini mwenye zaidi ya miaka thelathini yumo kwenye masanduku yake, na kanzu nyeupe na chunusi. Hilkka yumo pia. Alikuwa hajaingia pale tangu siku hiyo.

"Binti Eino," Ahti alisema, bila kuinuka. "Umechelewa kuja kuchukua nakala."

"Nataka picha ya uso."

"Ya nini? Pasipoti wanapiga kwa mashine siku hizi."

"Ya kazi. Nifanane na mimi."

"Hiyo ni ghali kidogo kuliko kufanana na mtu mwingine. Kaa. Si hapo, hapo ni pa maharusi."

Aliwasha taa moja, akazima mbili. Akamtazama kupitia kamera, akaiacha, akamtazama kwa macho.

"Umekasirika."

"Sana."

"Usiache. Ila pumua, shingo imekaza kama ya bata." Alisogeza kiti chake mwenyewe mbele, akakaa karibu na kamera. "Mtu akija kwako akanyamaza, wewe hufanya nini?"

"Nanyamaza."

"Basi."

Wakanyamaza. Hakumwambia acheke, hakumwambia ainue kidevu. Nje, gari la kukwangua theluji lilipita likarudi. Baada ya dakika kumi hivi Ahti alibonyeza mara nne, bila kutangaza, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Kisha akasema inatosha, ya tatu ndiyo yenyewe, na kama wale wa Tampere hawaitaki, wasimrudishie, wailipie tu kwa aibu.

Hawakuitaka. Saana aliijaribu kwenye mtambo kwa nia njema. Mandhari ya nyuma ilikuwa nyeusi mno, na mpiga picha hakuwa kwenye orodha. Lakini alimpigia Hilkka simu mwenyewe, kwa kuwa alitaka ampe neno lolote zuri.

"Umepata arobaini na moja," alisema. "Imepanda alama tatu."

Barua ya Hilkka ya kuacha chumba ilikuwa na mstari mmoja na tarehe. Mwisho wa Aprili alibeba viti viwili, saa ya ukutani na sanduku la tishu, akahamia chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya uvuvi, ambako ngazi zinanuka lami na nyavu, na ambako mwenye duka hamsalimii mtu asipotaka kusalimiwa. Hilo la pili ndilo lililomfanya achague chumba.

Sheria ya kazi yake inamkataza kumfuata mgonjwa. Haimkatazi kubandika karatasi. Ahti alichapa ishirini: picha ya tatu, jina, namba ya simu, na chini yake *Alhamisi kuanzia saa kumi*. Alhamisi saa kumi na moja Hilkka alikuwa akiimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa, miaka ishirini na sita mfululizo. Alimwandikia kiongozi wa kwaya asimngoje.

Jumapili aliendesha gari kuelekea kaskazini kwa barabara namba tano, akasimama kila kituo cha mafuta ambapo malori ya magogo husimama. Mbao za matangazo kwenye vituo hivyo zina mambo yale yale: kuni zinauzwa, mbwa amepotea, dansi Jumamosi. Alibandika pale penye nafasi. Kwenye kituo kimoja, muuza mafuta, mwanamke mnene mwenye mikono ya fundi wa magari, alikuja akasoma juu ya bega lake.

"Ametoroka wapi huyu?"

"Hajatoroka. Ndiye mimi."

Mwanamke akamtazama yeye, akaitazama karatasi, akamtazama tena. "Naona," akasema, na akaenda kumletea pini nne nzuri za chuma, kwa sababu zile za plastiki huanguka mlango ukifunguliwa.

Mwanamke wa meno bado yuko kwenye tovuti ya kituo, kwa sababu ambazo Tampere huziita za kiufundi. Mmea umeondolewa. Wanaomwandikia hujibiwa kwamba nafasi zake zimejaa kwa sasa, na hupewa mtu mwingine mwenye themanini na kitu.

Hilkka hajamwambia mtu yeyote ni nani aliyempigia simu mwezi Mei, wala hatasema, wala hakuna aliyemuuliza. Linalojulikana mjini ni hili tu: Alhamisi ya pili ya mwezi huo, lori la magogo, na shehena yake yote juu, liliegeshwa nyuma ya duka la vifaa vya uvuvi, mahali palipoandikwa kwamba malori hayaruhusiwi. Lilikaa pale muda wa kikao kimoja, na dakika tano za kufunga kamba za buti zilizovuliwa mlangoni.